Nani Asamehe? Fikira juu ya Fidia na Ugonjwa Usiotambuliwa

Waalimu wenzetu, pamoja nanyi wanafunzi wa lugha yetu, yako maswali ambayo mtu akiyajibu haraka huyajutia, na akichelewa kuyajibu huyajutia vile vile. Swali moja la namna hiyo lililetwa nyumbani kwetu hapa Mbarara mwishoni mwa mwaka 2025. Aliyelileta ni mwalimu mwenzetu, mama wa makamo mzaliwa wa Uvira, ambaye hufundisha Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuja kwa teksi ya asubuhi, ile ya abiria 14, akiwa ameshika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na daftari la shule lililochakaa pembe. Hakuja kuazima kitabu kama ilivyo desturi yake. Alitaka tumsomee daftari lile, kisha tumwambie kama adai fidia au asidai.

Kwa msomaji asiyeijua, Nakivale imo katika wilaya ya Isingiro, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kiswahili huko si somo la darasani tu. Ndicho kinachouza nyanya sokoni, ndicho kinachoamua ugomvi wa mpaka wa shamba, na ndicho, aghalabu, ambacho mgonjwa hukitumia kumweleza tabibu panapomwuma. Jambo hili la mwisho twaomba likumbukwe, kwa maana tutalirudia.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Februari 2024 mtoto wa mwalimu huyu, mvulana wa miaka tisa, alianza kulalamika kwamba mgongo wamwuma, hasa usiku, na jioni mwili wake ukawa moto. Mama akampeleka katika zahanati iliyo karibu, ambayo hatutaitaja. Wakamchoma kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa vidonge. Alipata nafuu kidogo, kisha homa ikarudi. Kuanzia Februari hadi Oktoba alipelekwa mara tano. Mara tatu aliandikiwa dawa za malaria, mara moja dawa za minyoo, na mara moja mama akaambiwa mtoto amekonda kwa sababu ya chakula kidogo, jambo ambalo nalo halikuwa uongo. Mwezi wa Novemba mtoto akaamka alfajiri asiweze kusimama. Ndipo alipoletwa Mbarara, na picha ya eksirei ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa. Daktari akamwambia mama, "Ni kifua kikuu cha mgongo, na kimekuwa naye kwa muda mrefu." Mama akauliza, "Kama ningalimleta miezi sita nyuma?" Daktari akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Pengine, mama. Pengine angalitembea vizuri."

Mtoto alimeza dawa mwaka mzima na ugonjwa ukaondoka. Kibiongo hakikuondoka. Sasa huenda shuleni kwa magongo mawili.

Nchini Uganda, mgonjwa asiye na uwezo mkubwa hubeba faili lake mwenyewe, nalo ni daftari la shule kama lile lile tunalosahihishia imla. Tabibu huandika humo alichoona na dawa alizotoa. Kwa hiyo tulilisoma daftari la mtoto huyu kama tulivyozoea kusoma madaftari, kwa kalamu mkononi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maelezo mema ya kutosha: homa, maumivu ya mgongo, kipimo, dawa. Ukurasa wa pili maneno "maumivu ya mgongo" yalikuwapo bado, ila yameandikwa kwa mkato. Ukurasa wa tatu yametoweka. Kuanzia hapo mwandiko ni ule ule na maneno ni yale yale, kama mwanafunzi anayenakili jibu la juzi bila kulisoma swali la leo. Mama alituapia kwamba kila mara alisema mgongo. Tunamwamini, lakini hata tusingalimwamini, ukurasa wa kwanza wathibitisha kwamba alisema walau mara moja, na hakuna ukurasa hata mmoja unaoonyesha kwamba mtoto alivuliwa shati.

Hapa waalimu wa lugha tutulie kidogo, kwa sababu maneno yetu wenyewe yamo katika kosa hili. Neno "homa" katika kamusi ni joto la mwili lililozidi kiasi, dalili ya magonjwa mengi. Lakini katika nyumba nyingi, Nakivale na kwingineko, homa ndiyo malaria na malaria ndiyo homa. Mama akisema "mtoto ana homa", anayemsikia huona ametajiwa ugonjwa, kumbe ametajiwa dalili tu. Na lile jina "kifua kikuu"! Wazee wetu waliuita hivyo kwa sababu waliuona kifuani, kwenye kikohozi na damu. Jina likakaa, na sasa linatuficha. Nani atautafuta mgongoni ugonjwa ulioitwa kifua? Mtoto huyu hakukohoa hata siku moja. Na hali madaktari wameujua ugonjwa huu wa mgongo tangu zamani. Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Robert Koch kuvumbua vijidudu vyake mwaka 1882, na mifupa ya Wamisri wa kale waliokaushwa inaonyesha alama zake. Mwalimu mwenzetu alikuwa amelifundisha neno "kifua kikuu" katika msamiati wa afya kwa miaka mingi. Alituambia kwamba jambo lililomwuma kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe alilitamka jina la ugonjwa wa mwanawe mbele ya darasa, na hakulijua.

Turudi kwenye swali. Watu wengi hufikiri kwamba likitokea kosa, basi fidia ni haki, na kwamba lisipotokea kosa, hakuna fidia. Mambo si mepesi hivyo. Kuteleza si kuanguka, na tabibu anayeteleza si lazima awe mzembe. Mara ya kwanza kipimo kilionyesha malaria, na katika nchi ya malaria mtoto aweza kuwa nayo kweli, huku ana ugonjwa mwingine chini yake. Tena vipimo vya haraka vya aina inayotumika sana huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata baada ya vijidudu kufa. Kwa hiyo ziara ya kwanza hatuwezi kumlaumu mtu. Hata ya pili tungalisita. Foleni ya wagonjwa hapo huanza kabla ya mapambazuko, na tabibu ni mmoja. Lakini ziara ya nne na ya tano ni jambo jingine kabisa. Dawa iliyoshindwa mara tatu haikuwa jibu, na mtu aliyesomea kazi hiyo hana budi kujiuliza. Mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, na Uganda ni mojawapo, haziulizi kama daktari alikosea. Huuliza kama alifanya ambavyo mtaalamu wa kiwango chake angalifanya. Kwa maoni yetu kipimo hicho ni cha haki, na tabibu huyu anakipita katika kurasa mbili za mwanzo na kukishindwa katika zile za mwisho.

Liko fundo lingine gumu zaidi, ambalo mwalimu mwenzetu hakulijua, nasi tuliona ni wajibu wetu kumweleza hata kama litamkatisha tamaa. Lile "pengine" la daktari lina bei gani? Mwaka 1977 huko Uingereza mvulana wa miaka 13 alianguka kutoka kwenye kamba aliyokuwa akiikwea mtini, akaumia nyonga, na hospitali ikamrudisha nyumbani bila kuitambua jeraha. Siku tano baadaye ikatambuliwa, naye akabaki na kilema. Ikaonekana kwamba hata angalitambuliwa siku ile ile, nafasi yake ya kupona ingalikuwa asilimia 25 tu. Jaji wa kwanza akampa robo ya fidia. Mwaka 1987 baraza la juu kabisa la waamuzi wa nchi ile likamnyang'anya hata robo hiyo, likisema kwamba nafasi iliyo chini ya nusu si kitu cha kulipiwa. Mwaka 2005 baraza hilo hilo, kwa waamuzi watatu dhidi ya wawili, lilimkatalia mtu ambaye uvimbe wa saratani yake uliitwa uvimbe wa kawaida, na nafasi yake ya kupona ikashuka kutoka asilimia 42 hadi 25. Mahakama za Ufaransa zimekuwa na mtazamo mwingine tangu miaka ya 1960: kwao, nafasi iliyopotea ni kitu kilichopotea, nacho hulipiwa kwa kadiri yake.

Sisi si wanasheria, ila kwa akili ya kawaida twawaona Wafaransa wameikaribia kweli zaidi. Mtu akikuibia tikiti ya bahati nasibu hawezi kujitetea kwamba huenda isingeshinda. Hata hivyo mtoto wa Nakivale ana bahati, kama neno hilo laweza kutumika hapa, kwamba ugonjwa wake ni wa kuponyeka kwa dawa, na ukitambuliwa kabla ya miguu kudhoofika wengi hupona bila kilema kikubwa. "Pengine" yake ni nzito kuliko ile ya mvulana wa Uingereza.

Tulipomaliza kumweleza hayo mwalimu alikaa kimya, kisha akasema neno lililotufanya tuandike makala haya. Alisema, "Mwalimu, sitaki kuuza miguu ya mtoto wangu."

Wengi wanaokataa kudai hukataa kwa sababu hiyo, na si woga wala ujinga. Fidia inawanukia biashara. Basi tulitazame neno lenyewe. "Fidia" tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni ile mali inayotolewa ili kumkomboa mtu aliyetekwa. Aliyetoa fidia hakununua mateka; alimtoa mikononi mwa waliomshika. Karibu yake liko neno "dia", mali inayolipwa kwa ajili ya damu iliyomwagika, ambalo jirani zake Wasomali wanalijua vizuri kwa sababu kwao dia hulipwa na ukoo mzima, si na mkosaji peke yake. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalosema kwamba mguu una bei. Yasema kwamba baada ya kilichotokea, mtu huyu amefungwa, na kuna gharama ya kumfungua. Mtoto mwenye magongo Nakivale amefungwa kwa njia zinazohesabika: shule ya sekondari iliyo mbali, nauli ya bodaboda kila siku, magongo yanayofupika kila mwaka anaporefuka, jembe ambalo hatalishika katika nchi ambayo mkimbizi hupewa kipande cha ardhi alime. Tena mwaka 2025 mgawo wa chakula ulikatwa kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa ukosefu wa fedha, na jembe likawa na maana kuliko zamani. Tulimwambia mama ayaandike hayo kwenye karatasi, moja moja, kwa shilingi. Mwanzoni alikataa. Kisha akaandika, na orodha ilipofika mistari kumi na mmoja alikuwa haongei tena juu ya kuuza.

Kisha liko lile neno letu "pole", ambalo wageni hutuhusudu kwalo. Twalitoa kwa aliyejikwaa, kwa aliyefiwa, kwa aliyechoka, hata kwa anayebeba mzigo. Uzuri wake ni kwamba halikiri kosa. Msemaji hushiriki machungu bila kuhukumiwa. Lakini uzuri huo ndio udhaifu wake. Tabibu wa zahanati ni jirani ya mwalimu, naye ni mkimbizi kama yeye. Mtoto aliporudi kutoka Mbarara tabibu alikuja jioni moja na kuku mkononi, akakaa, akasema, "Pole sana, mama. Pole kwa yaliyokupata." Mama akapokea kuku na akangoja neno la pili. Halikuja. Alituambia kwamba kama tabibu angalisema, "Mama, nilikosa, sikuuangalia mgongo," basi asingalipanda teksi kuja kwetu. Tunaamini alisema kweli, na tunaamini vile vile kwamba mashauri mengi duniani yamezaliwa na neno la pili ambalo halikutamkwa. Labda tabibu alikatazwa na wakubwa wake. Labda hakuwa na ujasiri.

Kwa sababu hiyo watu wa karibu walimwambia amsamehe. Mhubiri wake alisema hivyo. Mzee mmoja Mrundi, aliyekuwa miongoni mwa bashingantahe kwao, yaani wazee wanaoaminiwa kusuluhisha, alijitolea kuwakutanisha wakae chini, tabibu akiri, waule ugali pamoja, yaishe. Pendekezo la mzee huyo tunaliheshimu sana, na kama lingalihusu machungu ya mama tungalilikubali mara moja. Mama amekesha, amelia, amepoteza siku za kazi. Hayo ni yake, na akitaka kuyasamehe, ni sadaka yake mbele ya Mungu.

Lakini miguu si yake. Tunaona kwamba hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo, tena kwa nia njema. Twasema "mzazi amesamehe" kana kwamba msamaha ni shamba la ukoo. Mtoto wa miaka tisa hawezi kusamehe kitu ambacho hajajua ukubwa wake. Ataujua akiwa na miaka 15 wenzake watakapocheza mpira, na 25 atakapotafuta kazi. Mzazi akiifunga haki hiyo leo ili apate amani na jirani, amelipia amani yake kwa mali ya mtu mwingine. Sheria ya Uganda inaelekea kulijua hilo. Mzazi anayefungua shauri kwa niaba ya mtoto haitwi mwenye haki. Anaitwa rafiki tu wa mtoto, na shauri likiwa mahakamani rafiki huyo hawezi kulimaliza kwa mapatano bila idhini ya mahakama. Sheria haikatazi ukarimu. Inakataza ukarimu kwa mfuko wa mtoto.

Mwalimu alitupinga. Alisema, na hoja yake ni nzito, kwamba zahanati ile ni moja, na kila shilingi itakayotoka kumlipa mwanawe itatoka kwenye dawa za watoto wengine. Hatukuweza kumjibu mara moja. Ni kweli kwamba sanduku la fedha halina chini mbili. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake, yasema kwamba zahanati maskini iruhusiwe kukosea bila gharama, na gharama ibebwe na mtoto aliyekosewa, yaani mtoto maskini kuliko wote aichangie zahanati kwa miguu yake. Tena yaliyotokea katika nchi hii hayaonyeshi kwamba madai huifilisi afya. Mwaka 2011 mama mmoja alifariki katika hospitali ya wilaya ya Nakaseke kwa uchungu uliokwama, daktari wa zamu akiwa hayupo. Mumewe na watoto, wakisaidiwa na chama cha kutetea haki za afya kiitwacho CEHURD, wakaishtaki wilaya, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikawapa fidia ya shilingi milioni 35. Mwaka ule ule wa 2011 chama hicho kilipeleka Mahakama ya Katiba shauri juu ya vifo vya akina mama wawili, mmoja wa Mityana na mwingine wa Arua. Mwaka 2012 Mahakama hiyo ilikataa kulisikiliza, ikisema ni mambo ya siasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikairudisha kulisikiliza. Na tarehe 19 Agosti 2020 hukumu ikatoka: Serikali ilivunja haki ya uhai na ya afya, iwalipe jamaa za marehemu, tena itenge fedha za kutosha kwa huduma ya uzazi. Basi fidia iliandamana na amri ya kuongeza fedha, si kuzipunguza. Wenye kulia kimya hawaingizwi katika makadirio ya matumizi.

Lakini tusimdanganye mtu. Shauri lile lilichukua zaidi ya miaka tisa. Mwalimu mwenzetu ni mkimbizi, na ingawa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yampa ruhusa ya kwenda mahakamani kama mtu mwingine yeyote, anaogopa kwamba akionekana mgomvi jina lake litasogezwa nyuma katika orodha ya watakaopelekwa nchi ya tatu. Tulimwambia hakuna sheria inayosema hivyo. Alitutazama kama mtu anayesikiliza tafsiri nzuri ya kitabu asichokiamini. Kuna nchi zilizoona taabu hii na kutafuta njia nyingine: Uswidi tangu mwaka 1975 huwalipa wagonjwa kwa bima, bila kumtafuta wa kulaumiwa, na New Zealand ilianza mpango wa namna hiyo kwa ajali zote mwaka 1974. Huko tabibu angaliweza kusema neno la pili bila hofu. Nasi hatupo huko.

Jambo moja lisilongoja ni siku. Anayeidai Serikali ya Uganda kwa madhara ya uzembe ana miaka miwili tu. Anayemdai mtu au shirika kwa jeraha la mwili ana mitatu. Yamo maneno ya kuwafaa watoto, lakini mzazi mwenye busara hayategemei. Ukihesabu kutoka ziara ya mwisho ya Oktoba 2024, hata ile subira inayoitwa ufunguo wa faraja ina tarehe yake.

Kabla hajaondoka tulimwungamia jambo. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na mwanafunzi ambaye tulimwita mvivu kwa mihula miwili. Tuliandika hivyo katika ripoti yake, mara ya kwanza kwa kufikiri na mara ya pili kwa kunakili. Baadaye ikajulikana kwamba sikio moja halisikii kabisa na la pili linasikia nusu. Wazazi wake hawakutudai kitu. Walitushukuru kwa kumfundisha. Hatujapata kujua ni maneno mangapi ya Kiswahili ambayo mtoto yule hakuyapata kwa ajili yetu, na lawama tuliyomtupia tabibu hapo juu twaiandika tukijua hayo. Mwalimu alisikiliza, akatuuliza, "Nanyi mlimwambia mtoto kwamba mlikosa?" Tukasema hapana. Akasema, "Basi mmeona."

Shauri tulilompa halikuwa la kukimbilia mahakamani, wala la kunyamaza. Tulimshauri kwanza aombe nakala za kumbukumbu zote za mtoto zilizomo zahanati. Ile Sheria ya mwaka 2005 ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali yamtaja raia, na yeye si raia; lakini Hati ya Haki za Wagonjwa ya mwaka 2009 yamtaja mgonjwa, na Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za mtu haikumwuliza mtu pasipoti. Pili, aeleze kwa maandishi kilichotokea na aombe kijibiwe. Tatu, awaone watoa msaada wa sheria hapa mjini siku zikiwa bado zipo. Ikiwa jibu litakuwa la kweli na lenye malipo yanayotosha magongo, nauli na shule, asiende mbali zaidi. Ikiwa jibu litakuwa "pole" tu, aende.

Barua aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, mezani petu, na sisi tukaitafsiri kwa Kiingereza, kwa maana ingawa Katiba tangu mwaka 2005 yakiita Kiswahili lugha ya pili rasmi ya Uganda, maofisi bado hayakisomi. Tulibishana juu ya neno moja. Sisi tulitaka "uzembe", kwa kuwa ndilo neno la sheria. Yeye alilikataa, alisema hajui moyo wa tabibu, ajualo ni alichokiona. Mahali pa neno hilo akaandika, "Mara tano nilisema mgongo, na hakuna aliyeutazama mgongo." Katika tafsiri tuliuacha hivyo hivyo.

Aliirudisha Nakivale ili mwanawe aisome kabla haijapelekwa. Mtoto aliisoma yote kwa sauti, akasahihisha herufi moja mama yake aliyoikosea, kisha akauliza kama yeye pia anaruhusiwa kutia jina. Ametia, chini ya jina la mama, kwa mwandiko ule wa kuviringa tunaowafundisha darasa la nne. Tulipokuwa tukiandika makala haya jibu lilikuwa bado halijafika.